Kusoma umbo la peptidi na protini kwa deuteri katika hali ya gesi: mwongozo kamili

Wengi wanaofahamu ubadilishanaji wa hidrojeni na deuteri (hidrojeni nzito), ambamo kwa kawaida protini iliyojikunja hupokea deuteri chache kuliko iliyofunguka, wameuzoea ule wa majini. Protini hutiwa kwenye maji mazito (D2O), husubiriwa kwa muda, mmenyuko huzimwa kwa kushusha pH hadi karibu 2.5 na joto hadi nyuzi 0, kisha protini hukatwa kwa kimeng'enya cha pepsini na vipande (peptidi) kupimwa uzito. Njia hiyo imefanya kazi kubwa, ila kuna mahali haioni. Deuteri iliyokaa kwenye minyororo ya pembeni na kwenye ncha za peptidi hurudi kuwa hidrojeni mara tu inapokutana na maji ya kawaida ya kromatografia. Kinachobaki kusomwa ni amidi za mgongo peke yake, yaani hidrojeni za NH za mnyororo mkuu wa protini.

Ubadilishanaji katika hali ya gesi huziba pengo hilo. Ioni ya peptidi inakuwa imeshatoka majini na iko ndani ya spektromita ya masi (mashine inayopima uzito wa ioni), hapo ndipo inapokutanishwa na gesi yenye deuteri kwa muda mfupi, mara nyingi chini ya milisekunde 10. Hakuna maji ya kuirudisha deuteri ilikotoka. Amidi za mgongo karibu hazina muda wa kubadilika. Zinazobadilika ni hidrojeni za OH, COOH, NH2 na za kundi la guanidini la arginini, yaani zile zinazokosekana kwenye njia ya majini.

Mwongozo huu unahusu njia ya amonia nzito (ND3) kwenye mashine ya kawaida ya elektrosprei, yaani inayonyunyiza sampuli kuwa matone yenye chaji. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na wenzao walionyesha kwamba huhitaji mtungi wa ND3 safi, ambayo ni gesi ya hatari na ya gharama. Inatosha kupitisha nitrojeni kwenye chombo chenye ND3 iliyoyeyushwa katika maji mazito, kisha kuiingiza gesi hiyo karibu na koni ya kwanza ya mashine, yaani tundu ambalo ioni huingilia. Waliijaribu kwenye mashine za aina tatu zinazouzwa madukani, na marekebisho yaliyohitajika yalikuwa madogo na ya kurudishika.

Kemia ambayo huwezi kuiruka

Usikimbilie mabomba kabla ya kuelewa kwa nini deuteri inaingia. Kosa kubwa katika kutafsiri data za aina hii huzaliwa hapa.

Gesi tofauti hufanya kazi kwa njia tofauti. Kundi la Beauchamp huko California Institute of Technology lilichambua jambo hili mwaka 1994 na 1995 kwa peptidi fupi za glisini. Amonia ina mvuto mkubwa wa protoni (nguvu ya kuishika protoni), takribani kJ 854 kwa moli, wakati methanoli ina takribani 754 na maji 691. Glisini yenyewe ina takribani 886. Kwa kuwa amonia iko karibu na peptidi, inaweza kuichukua protoni kutoka kwenye NH2 ya mwanzo, ikageuka kuwa amonia yenye chaji iliyoshikwa na oksijeni za kabonili, halafu ikarudisha deuteri badala ya protoni. Katika mgongano mmoja tu inaweza kubadilisha zaidi ya hidrojeni moja.

Maji mazito hayana nguvu hiyo. Molekuli ya D2O hulazimika kusimama katikati: upande mmoja inapokea protoni kutoka penye chaji, upande mwingine inatoa deuteri kwa kundi jirani lenye besi hafifu. Hii ina maana kwamba lazima mahali penye chaji na mahali pa kubadilika pawe karibu kimaumbile. Ndiyo sababu D2O ni polepole, lakini ni nyeti kwa umbo kuliko ND3.

Kutokana na hayo, idadi ya deuteri inaathiriwa na mambo matatu kwa pamoja: umbo la ioni, mahali chaji ilipokaa, na nguvu ya besi ya makundi yaliyo jirani. Arginini ina mvuto wa protoni wa takribani kJ 1051 kwa moli, hivyo peptidi ambayo protoni yake imekamatwa na arginini inaweza kupokea deuteri chache ilhali haijajikunja hata kidogo. Mtu akikuonyesha namba ndogo ya deuteri na kudai kwamba protini imejikunja, muulize ameilinganisha na nini. Namba moja iliyosimama peke yake haisemi kitu katika njia hii. Hatua zote zinazofuata zimepangwa ili ulinganisho wako uwe wa haki.

Hatua ya 1: Hesabu hidrojeni kabla ya kuwasha mashine

Chukua mfuatano wa peptidi na kalamu. Hesabu hidrojeni zote zilizoshikwa na nitrojeni, oksijeni au salfa. Zile za kwenye kaboni hazihesabiwi. Kisha ongeza protoni za chaji, maana nazo hubadilika.

Mfano rahisi ni leusini-enkefalini, YGGFL (kila herufi ni asidi amino moja). NH2 ya mwanzo ina 2, OH ya tairosini 1, amidi za mgongo 4, COOH ya mwisho 1. Jumla ni 8, na ioni yenye chaji moja ina 9. Ukitoa amidi unabaki na 5. Namba hiyo 5 ndiyo utakayoitafuta kwenye skrini.

Bradikinini, RPPGFSPFR, inafundisha zaidi. Prolini tatu hazina hidrojeni ya amidi, kwa hiyo amidi za mgongo ni 5 tu badala ya 8. Arginini mbili zinaleta 8, NH2 ya mwanzo 2, serini 1, COOH 1. Ioni yenye chaji mbili inafikia 19, na 14 kati ya hizo si za amidi. Kwa Glu-fibrinopeptidi B, EGVNDNEEGFFSAR, ioni yenye chaji mbili ina 31, ambapo 18 si za amidi. Ukipata jibu tofauti, angalia kama umesahau hidrojeni mbili za kila asparajini, kosa ambalo wanafunzi hulirudia kila mwaka.

Hatua ya 2: Andaa sampuli

Kwa peptidi, mikromola 1 hadi 5 katika mchanganyiko wa maji na asetonitrili nusu kwa nusu, pamoja na asidi ya fomiki asilimia 0.1, inatosha. Ondoa chumvi kwa bidii. Ioni iliyobeba sodiamu badala ya protoni haina protoni inayotembea, hivyo hubadilishana kidogo sana au haibadilishani kabisa. Ikichanganyika na vilele vyako itakuharibia hesabu.

Kwa protini, andaa sampuli mbili za protini ileile. Moja iwe katika asetati ya amoniamu yenye pH karibu na 7, ambayo huitoa protini ikiwa na chaji chache na umbo lililo karibu na la asili. Nyingine iwe katika methanoli na asidi, ambayo huifungua. Ubikuitini (asidi amino 76) na sitokromu c ya moyo wa farasi (asidi amino 104) zinafaa kuanzia kwa sababu zimechunguzwa kwa zaidi ya miaka 30, na utajua haraka kama mashine yako inakudanganya.

Hatua ya 3: Tuliza mashine

Shusha volti ya koni mpaka mahali ambapo ishara bado inaonekana vizuri, kisha iache hapo. Ioni inayogongwa kwa nguvu kabla ya kukutana na ND3 hupata joto na kufunguka, nawe utapima umbo ulilolitengeneza mwenyewe. Fanya jaribio fupi la kupandisha volti kidogo kidogo huku ukitazama idadi ya deuteri. Ikipanda pamoja na volti, uko juu mno.

Weka pia joto la chanzo mahali pamoja na usiliguse siku nzima. Andika kila namba: volti, joto, shinikizo, mtiririko wa gesi. Daftari la maabara ndilo litakalokuokoa mwezi ujao utakapotaka kurudia.

Hatua ya 4: Tengeneza chanzo cha ND3

Hapa ndipo pa kwenda taratibu.

Kwanza usalama. Amonia inaunguza macho na mapafu. Fungua chupa ndani ya kabati la kufyonza hewa, vaa glovu na miwani, na hakikisha moshi wa pampu za mashine unatolewa nje ya jengo. Kama pampu inapumulia ndani ya chumba, usianze.

Mmumunyo wa amonia nzito katika maji mazito huuzwa ukiwa na takribani asilimia 25 ya amonia. Mililita chache zinatosha kwa kazi ya siku. Chukua chupa ndogo ya kioo yenye mfuniko wa matundu mawili: mrija mmoja unaleta nitrojeni kavu, mwingine unapeleka gesi iliyoshiba kwenye mashine. Tumia mirija ya plastiki ngumu isiyoshambuliwa na amonia, kama PTFE, na iwe mifupi. Weka vali ya kupimia mtiririko upande wa nitrojeni, kabla ya chupa, ili amonia isipite ndani ya vali. Ncha ya mrija wa nitrojeni ikae juu ya uso wa mmumunyo. Ukiizamisha, mtiririko uwe mdogo, maana matone yakirushwa hadi kwenye koni utatumia mchana mzima kusafisha.

Maji mazito na amonia nzito hupenda unyevu wa hewa, na kila molekuli ya maji ya kawaida inayoingia inapunguza deuteri yako. Kwa maabara zilizoko pwani, ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, hili si jambo la kupuuza. Fungua chupa kwa sekunde chache, mimina, funga. Kinachobaki kigawe kwenye vichupa vidogo vilivyofungwa badala ya kurudia kufungua chupa kubwa.

Andaa na chupa ya pili inayofanana kwa kila kitu, ila ndani yake iwe amonia ya kawaida katika maji ya kawaida. Wengi huiruka hatua hii na kutumia nitrojeni tupu kama kipimo cha mwanzo. Mimi siwashauri. Amonia yenyewe inaweza kunyang'anya ioni baadhi ya chaji na kubadilisha sura ya spektra. Ukilinganisha ND3 na nitrojeni tupu utakuwa umebadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja. Ukilinganisha ND3 na NH3, kilichobadilika ni isotopu tu.

Hatua ya 5: Subiri kuta zishibe

Unapofungua gesi kwa mara ya kwanza, usirekodi chochote cha maana. Kuta za mirija na za chanzo zimefunikwa na tabaka jembamba la maji ya kawaida, na amonia hubadilishana nalo. Ingiza leusini-enkefalini na utazame.

Utakachokiona ni hiki. Kabla ya gesi, kilele kikubwa kiko kwenye 556.28 (mashine husoma m/z, yaani uzito uliogawanywa kwa chaji), na kando yake kwenye 557.28 kuna kidogo chenye urefu wa karibu theluthi moja, ambacho ni kaboni-13 ya asili. Gesi inapofika, kile cha 557 kinaanza kurefuka kupita kiasi chake, kisha 558 kinachomoza, halafu 559. Kadiri dakika zinavyopita, kundi zima linahamia kulia na kile cha 556 kinafifia. Mwishowe linasongamana kuelekea 561.31, ambayo ni deuteri 5, na hapo linagoma. Halielekei 565.33, ambako deuteri zote 9 zingelifikisha. Amidi nne za mgongo zimekataa.

Mgomo huo kwenye 5 ni dalili nzuri kwamba unachopima ni mmenyuko wa gesi wa milisekunde. Kama kundi linavuka 5 kwa wingi, shuku kwamba maji mazito yamefika kwenye matone ya elektrosprei na ubadilishanaji unafanyika majini. Sogeza mahali gesi inapoingilia ndani zaidi, mbali na sindano ya kunyunyizia.

Rekodi kitovu cha kundi, yaani wastani wa nafasi za vilele vyake, kila baada ya dakika chache. Kikitulia, ndipo uanze kazi.

Hatua ya 6: Kusanya data

Kiasi cha deuteri kinategemea zao la wingi wa gesi na muda wa kukutana nayo, hivyo una vishikio viwili. Cha kwanza ni mtiririko wa nitrojeni. Cha pili kinapatikana kwenye mashine zenye wimbi la volti linalosukuma ioni: mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba kwa kubadilisha kasi ya wimbi unaweza kupata muda wa kuanzia milisekunde 0.1 hadi 10. Kama unacho hicho cha pili, kitumie, maana kubadilisha muda ni safi kuliko kubadilisha shinikizo.

Pima kila sampuli kwa viwango kadhaa, mara tatu kwa kila kiwango, kwa mpangilio uliochanganywa. Rudia leusini-enkefalini mwanzoni, katikati na mwishoni. Mmumunyo unapoteza amonia saa hadi saa kwa sababu amonia huvukiza haraka kuliko maji, na peptidi hii ya rejea ndiyo itakayokwambia ni kwa kiasi gani.

Wenye mashine za sumaku za FT-ICR wanaishi kwenye dunia nyingine. Ioni hunaswa ndani ya ombwe, na gesi huwekwa kwenye shinikizo la karibu Torr 10⁻⁷, ambapo migongano ni michache mno. Hapo unasubiri dakika nyingi, na D2O inakuwa na maana.

Hatua ya 7: Piga hesabu

Tumia kitovu cha uzito cha kundi zima la vilele, yaani wastani uliopimwa kwa ukali wa kila kilele. Toa kitovu cha NH3 kwenye kitovu cha ND3, zidisha kwa chaji, gawanya kwa 1.00628, ambayo ni tofauti ya uzito kati ya deuteri na hidrojeni.

Tuseme kitovu cha leusini-enkefalini kimetoka 556.62 hadi 560.45. Tofauti ni 3.83, chaji ni 1, jibu ni deuteri 3.81. Kwa ioni ya bradikinini yenye chaji mbili, tofauti hiyohiyo ya 3.83 ingekuwa deuteri 7.61. Kusahau kuzidisha kwa chaji kumewaaibisha watu mbele ya kamati za shahada.

Usiishie kwenye wastani. Tazama sura ya kundi. Kundi moja jembamba linaashiria ioni zinazobadilika kwa namna moja. Vikundi viwili vilivyoachana vinaashiria ioni za aina mbili ambazo hazikugeukiana ndani ya muda wa jaribio. Kundi la McLafferty huko Cornell liliona hali ya namna hii kwenye sitokromu c mwaka 1993: ioni za protini ileile, zenye chaji ileile, zikiwa katika maumbo tofauti yanayodumu pamoja. Wastani ungeyaficha.

Hatua ya 8: Linganisha kwa haki

Linganisha ioni zenye chaji sawa, basi. Ubikuitini yenye chaji 6 kutoka asetati ya amoniamu haiwezi kuwekwa kando ya ile yenye chaji 11 kutoka methanoli na tofauti yote ikaitwa umbo. Chaji tano za ziada nazo zimesukuma mmenyuko.

Kama mashine yako hutenganisha ioni kwa kasi ya kupita kwenye gesi, iunganishe na jaribio hili. Valentine na Clemmer walifanya hivyo kwa sitokromu c mwaka 1997: walitenganisha maumbo kwanza, kisha wakaona kwamba yaliyoshikamana hupokea deuteri chache kuliko yaliyotandaa. Vipimo hivi viwili vikikubaliana, una hoja. Visipokubaliana, usivilazimishe. Umbo linaweza kuwa na ukubwa uleule wa nje huku chaji na madaraja ya hidrojeni yamehama ndani, na deuteri ikaliona hilo wakati kipimo cha ukubwa hakioni.

Hatua ya 9: Tafuta deuteri imekaa wapi

Hapa kuna mtego. Ukivunja peptidi kwa kuigonga na gesi, joto linazifanya hidrojeni na deuteri zirukeruke na kubadilishana nafasi kabla ya kifungo kukatika. Ramani utakayoipata itakuwa imevurugika. Tumia uvunjaji wa kuhamisha elektroni, ETD, ambao hukata mgongo bila kuipasha ioni joto kiasi hicho, na ushushe volti zote za njiani.

ETD inahitaji ioni yenye chaji mbili au zaidi, kwa kuwa elektroni inafuta chaji moja. Kwa hiyo leusini-enkefalini yenye chaji moja haifai hapa. Glu-fibrinopeptidi B inafaa, na ikipatikana yenye chaji tatu, vipande vitakuwa vingi zaidi. Pima deuteri ya kila kipande mfululizo kutoka ncha ya mwanzo, kisha toa deuteri ya kipande kimoja kwenye ile ya kinachofuata. Tofauti ndiyo deuteri ya asidi amino iliyoongezeka. Ukiona deuteri zimesambaa sawasawa hadi kwenye fenilalanini, ambayo haina hidrojeni ya kubadilika kwenye mnyororo wake wa pembeni, ioni zako zimepashwa joto. Rudi hatua ya 3.

Hatua ya 10: Funga kazi

Funga vali ya chupa, acha nitrojeni kavu ipite kwenye mrija mtupu, na mabaki ya mmumunyo uyatupe pamoja na taka za besi. Amonia nzito iliyonata kwenye kuta huendelea kutoa deuteri kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Ingiza leusini-enkefalini mara ya mwisho, na usimkabidhi mwenzako mashine ya kupimia dawa au sumu kuvu mpaka kilele cha 557 kirudi kuwa theluthi ya kile cha 556.